UZI: Makumbusho ya Gisozi kule Kigali, na sisi Malindi tutawaweka wapi watu wa Shakahola?

MtembezaWageni_Mld:

Salaam wenzangu wa Malindi, Watamu, Mambrui, Marafa mpaka Amu (Lamu). Uzi ni mrefu na ntauandika kwa vipande manake niko kazini, mgeni akitokea naachia hapo alafu narudi.

Wengi hapa mwanijua kwa kazi ya kutembeza wageni, Nguzo ya Vasco da Gama, kile kikanisa cha Wareno, magofu ya Gede. Tulipata nafasi watembezaji wa pwani kwenda Kigali kuangalia wenzetu wanafanyaje hii kazi, na sehemu moja tuliyopelekwa ni makumbusho ya mauaji ya kimbari pale Gisozi. Tangu nirudi kuna neno linanikaba na nataka tulizungumze. Sisi hapa kuna watu zaidi ya 400, wafuasi wa mhubiri Mackenzie aliyewaambia wafunge mpaka wafe, waliofukuliwa msitu wa Shakahola kuanzia Aprili 2023, na mwaka huohuo serikali ikatangaza ule msitu utageuzwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa. Sawa. Lakini ndani ya hiyo kumbukumbu kutawekwa nini? Mi nasema kama hatukuanza kukusanya majina na habari za wale watu sasa, wakati ndugu zao wako hai na wanakumbuka, tutakuja kujengewa mnara wa saruji na kibao chenye jina la mkubwa aliyekuja kukata utepe, basi, na hao 400 watabaki hesabu tu.

Niwaeleze kwanza pale Gisozi palivyo, ndio mtanielewa.

Ni mlimani, ukisimama nje unaona Kigali mjini ng'ambo ya bonde. Palifunguliwa Aprili 2004, miaka 10 baada ya mauaji, jiji la Kigali pamoja na shirika la Uingereza liitwalo Aegis Trust. Wamezikwa pale zaidi ya watu 250,000. Naomba usipite hiyo namba haraka. Makaburi yenyewe ni mabamba mapana ya zege yamelala chini kwenye bustani, na watu huja wakaweka maua juu. Karibu yake kuna ukuta wa majina, na ule ukuta haujakamilika, manake wengi mno waliuawa familia nzima mpaka hakubaki wa kusema fulani alikuwa anaitwa nani.

Ndani maelezo hayaanzi Aprili 1994. Yanaanza mbali, Wabelgiji miaka ya 1930 kuwaandikia watu kabila kwenye kitambulisho, Mhutu, Mtutsi, Mtwa, halafu mauaji ya 1959 na watu kukimbilia Uganda, Burundi, Tanganyika. Kisha redio. RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993, muziki mzuri na utani, vijana wakaipenda, na katikati ya muziki watu wanaitwa mende. Mwezi mmoja baadae, Agosti 1993, mkataba wa amani kati ya serikali na waasi wa RPF ukatiwa saini Arusha hapa jirani. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Habyarimana ikatunguliwa akirudi kutoka mkutano Dar es Salaam na usiku uleule vizuizi vikawekwa barabarani, onyesha kitambulisho. Kile kikaratasi cha Wabelgiji miaka 60 baadae ndio kikaamua nani apite nani abaki pale chini. Siku 100. Umoja wa Mataifa wanasema zaidi ya 800,000, serikali ya Rwanda inasema zaidi ya milioni moja, Watutsi na Wahutu waliokataa kushiriki.

Na wanajeshi wa UN walikuwepo! Tarehe 21 Aprili, mauaji yakiwa yamepamba moto, Baraza la Usalama likapiga kura kupunguza kikosi wabaki kama 270. Jenerali Dallaire, mkuu wa kile kikosi, alikuwa ameshaandika New York tangu Januari kwamba kuna silaha zimefichwa na kuna orodha za watu.

Mgeni amefika, narudi.

Bint_Shela:

Kaka tuko nawe, endelea. Nimesoma mpaka mwili wasisimka.

Msemakweli_Mtangani:

Kwanza niulize, Shakahola na mauaji ya kimbari vinaingiliana wapi? Wale walifunga wenyewe wakafa njaa kwa kumfuata mhubiri, wa Rwanda walikatwa mapanga. Usichanganye mambo.

MtembezaWageni_Mld:

Msemakweli swali zuri na nashukuru limekuja mapema. Havifanani kabisa. Mkataba wa 1948 unasema mauaji ya kimbari ni kitendo cha kukusudia kuangamiza kundi la watu kwa taifa lao, kabila, rangi au dini. Shakahola si hiyo na sitaki mtu aniwekee maneno mdomoni. Ila ndugu yangu usiseme "walifunga wenyewe". Watoto walikuwa wengi mno kwenye yale makaburi, na mtoto wa miaka minne hafungi mwenyewe. Madaktari waliopasua zile maiti walisema mbali na njaa kuna walionyongwa. Ninacholinganisha ni kazi ya kukumbuka. Wenzetu wameifanya, nataka tuone wamefanyaje.

Sasa nifike kwenye chumba ambacho ndio sababu ya huu uzi.

Ghorofa ya juu kuna sehemu ya watoto. Picha kubwa, zile za familia, mtoto amevalishwa nguo ya sikukuu, na chini ya kila picha kibao kidogo. Hakuna historia pale, hakuna siasa. Kuna msichana wa miaka 12, kibao kinasema alipenda kuogelea, chakula chake mayai na chipsi, kinywaji maziwa na Fanta Tropical, rafiki yake mkubwa ni dadake. Mstari wa mwisho, alikatwa kwa panga. Pembeni kuna mvulana wa miaka 10, mpenda mpira, alipenda kuchekesha watu, alitaka kuwa daktari. Kibao kimeandika na maneno yake ya mwisho, kwamba UNAMIR watakuja kutuchukua. UNAMIR ndio kile kikosi cha UN nilichowaambia kilipunguzwa.

Mimi kazi yangu ni maneno, nishazoea kusema miaka na majina ya masultani mbele ya wageni bila kufikiri. Pale nilinyamaza kabisa. Mtembezaji wetu, kijana tu, hata hakuingia nasi, alitusubiri nje kwenye ngazi. Baadae akasema kile chumba kila mtu aingie na moyo wake.

Na ndio nikasema, hii kazi haikuhitaji pesa nyingi. Ilihitaji mtu aende kwa mama au shangazi aliyebaki amuulize, mtoto wako alikuwa anapenda kula nini? Na aulize mapema, kabla yule shangazi hajafa.

Ustadh_Barani:

Assalaam alaykum. Mwandishi Mungu akulipe kheri. Ila naskia huko Rwanda mifupa na mafuvu ya watu yamewekwa kwenye makabati ya vioo watu wanakuja kutazama na wengine wanapiga picha. Hili katika dini yetu halifai. Maiti ana heshima yake kama aliye hai, imekuja kwenye hadithi kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kumvunja mtu angali hai. Anaoshwa, anakafiniwa, anaswaliwa, anazikwa, na anazikwa upesi. Naomba kama kutakuwa na makumbusho hapa kwetu tusije tukaiga hilo.

MtembezaWageni_Mld:

Waalaykum salaam ustadh. Umegusa jambo ambalo manusura wenyewe wa Rwanda hawajakubaliana mpaka leo. Pale Gisozi walio wengi wamezikwa, ila ndani kuna chumba chenye taa hafifu mafuvu na mifupa viko kwenye vioo. Nyamata na Ntarama, makanisa ambayo watu walikimbilia wakauawa humohumo, mifupa ipo na nguo zao zimerundikwa kwenye mabenchi. Murambi, iliyokuwa skuli ya ufundi, ndio zaidi, kuna miili iliyohifadhiwa kwa chokaa. Wapo manusura wanaosema hawa ni mama zetu, wazikeni. Wapo wanaosema mkizika mifupa, kesho kuna mtu atasimama aseme hakuna aliyekufa, na wanaokana wapo kweli, wanaandika vitabu.

Mimi moyo wangu uko upande wako ustadh. Sisi hapa waliofukuliwa walikaa kwenye majokofu ya mochari na makontena miezi na miezi, miili ya kwanza ikaanza kutolewa kwa familia Machi 2024, karibu mwaka mzima. Hawa wametazamwa vya kutosha, wazikwe.

Bint_Shela:

Na mimi niseme la huku kwetu Amu. Juni 2014 Mpeketoni, usiku watu wako kwenye mpira wa Kombe la Dunia, wakaja watu na bunduki, na usiku uliofuata wakaingia vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya 60. Walikuwa wanachagua, nani dini gani, nani wa wapi. Ukiuliza mtu hapa mjini mambo ya 2014 atakwambia marufuku ya kutoka usiku, wavuvi walivyokatazwa kulala baharini, harusi tulivyofanya mchana, wageni walivyokatika. Ni kweli tuliteseka. Lakini mimi najiuliza, ni wangapi kati yetu twajua jina la mtu mmoja aliyekufa Mpeketoni? Ni mwendo wa boti na gari tu na hatujui hata mmoja. Kwao wao sisi twaonekana hatukuwalilia. Hili la majina kaka ni la kweli kabisa.

Na nikuulize, naskia huko Kigali kuna mtaa waitwa Nyamirambo una Waswahili, ulifika?

MtembezaWageni_Mld:

Dada nilifika! Nyamirambo na Biryogo, ni mtaa wa Waislamu wa Kigali tangu enzi za ukoloni, Kiswahili unakiskia barabarani, msikiti mkubwa upo, chapati na sambusa kama uko Kisumu Ndogo hapa. Pale mwaka 94 Waislamu wengi waliwaficha watu majumbani na misikitini, Watutsi Waislamu na wasio Waislamu, na watu wa Kigali hili hawalisahau, baada ya vita wengi wakasilimu kwa kuona vile. Ila tusijisifu kupita kiasi, Hassan Ngeze mwenye gazeti la Kangura lililokuwa likichochea naye alikuwa Mwislamu, akahukumiwa na mahakama ya UN ya Arusha 2003 maisha, rufaa ya 2007 ikampunguzia ikawa miaka 35. Dini haikumzuia. Waliookoa watu ni watu waliofungua mlango usiku wakijua kizuizi kiko kona ya pili.

Msemakweli_Mtangani:

Haya wacha nami niseme langu wazi. Hayo makumbusho ya Kigali nayaheshimu lakini pia ni siasa. Kila rais mgeni akifika anapelekwa pale kuweka shada la maua kisha akitoka hawezi kuuliza jambo la Congo. Na waliouawa na jeshi la RPF mwaka uleule 94 na wakimbizi waliofuatwa ndani ya Congo 96 na 97, ripoti ya UN ya 2010 ilieleza hayo ya Congo, hao wana ukumbi pale? Mtu Rwanda akiwalilia hao hadharani yatamkuta nini? Kumbukumbu ikishikwa na serikali inakumbuka inachotaka.

MtembezaWageni_Mld:

Bro hapo sikupingi. Hao hawana ukumbi pale na mtu aliyefiwa na mamake hajali kama risasi ilitoka upande upi. Ninachokataa ni mtu kutumia hao wafu kufuta wale wafu, kuna watu wanafanya hivo, wanasema "zilikuwa pande mbili tu zinauana". Hapana. Ilipangwa, ilitangazwa redioni, orodha zilikuwepo. Akayesu, aliyekuwa meya, alipohukumiwa Arusha Septemba 1998 ndio mtu wa kwanza duniani kupatikana na hatia ya mauaji ya kimbari kwenye mahakama ya kimataifa, na hapo ndipo mahakama ikasema kubaka pia kunaweza kuwa njia ya kuangamiza kabila. Ushahidi ulikuja mbele ya majaji, watu walisimama wakasema.

Lakini hoja yako ndio inanipa wasiwasi kwetu. Mhubiri alikuwa ameshakamatwa 2017, 2019 na tena Machi 2023 akaachiliwa. Kamati ya Seneti Oktoba 2023 iliandika kwamba vyombo vya hapa vilizembea. Sasa serikali hiyohiyo ikijenga kumbukumbu peke yake, hilo litaandikwa kwenye kibao? Kitasema "waliangamia kwa imani potofu" tukomee hapo? Ndio nasema tusiwaachie peke yao.

Kisumu_Ndogo:

Nimekuwa nasoma tangu asubuhi sikutaka kuandika.

Mimi ni mtu wa ziwani, nimeishi Malindi miaka mingi. Mke wa marehemu kaka yangu alikuja na watoto watatu akaniambia anaenda kununua shamba, bei rahisi, watu wa kanisa. Mimi ndio niliwapeleka stage na mizigo yao. Nimetoa DNA. Mmoja amepatikana, mtoto wa kati, tumemzika nyumbani. Mama yao na wale wengine wawili mpaka leo nikienda kuuliza naambiwa subiri, leo ofisi hii kesho ile, na sauti ya yule anayeniambia ni kama nimeenda kuulizia stima imekatika. Nyinyi mnazungumza makumbusho. Mimi bado natafuta watu wangu.

Alafu kuna hili la kusema hao walikuwa wajinga. Naliskia kwenye matatu, naliskia sokoni. Shemeji yangu alikuwa anajua kusoma na kuandika, alikuwa na kibanda cha nguo, hakuwa mjinga. Alifiwa na mume na yule mtu akamwambia maneno mazuri.

Bint_Shela:

Pole sana ndugu yangu. Pole mno. Mungu akupe subira na awatoe walipo.

Ustadh_Barani:

Pole ndugu. Msiba ni wetu sote hata kama tulikaa kimya.

MtembezaWageni_Mld:

Pole sana mzee wangu. Nimekaa na simu mkononi sijui nianze wapi. Ulivyosema ni sawa, maiti kwanza, kuzika kwanza. Hata Rwanda bado wanafukua. Mwaka 2018 huko Gasabo, pembeni mwa Kigali, watu walionyeshwa makaburi ya halaiki chini ya nyumba za watu, na majirani walikuwa wanajua wamenyamaza miaka 24. Wakafukua, Mei 2019 wakazika Nyanza ya Kicukiro, hapohapo Kigali, zaidi ya watu 80,000 kwa siku moja. Watu walikuwa wanatambua mtu wao kwa sweta au kipande cha kanga. Kwahivo hamna wa kukwambia umechelewa kutafuta.

Na la ujinga umenigusa. Manusura wetu tumewafanyia nini sisi? Juni 2023 waliookolewa 65 walipelekwa mahakamani Shanzu kwa shtaka la kujaribu kujiua kwa sababu walikataa kula. Mtu ametoka kaburini unamfungulia mashtaka! Kule Rwanda nako mambo hayakuwa mepesi, wajane wengi waliambukizwa Ukimwi kwa kubakwa, wakakaa miaka bila dawa na wakati huo watuhumiwa Arusha wanatibiwa. Ila waliungana. Kuna AVEGA ya wajane, kuna Ibuka ya manusura tangu 1995, na wanafunzi mayatima wana chama chao, AERG, mle ndani wanajipangia familia, huyu baba, huyu mama, hawa watoto, wote ni wanafunzi rika moja, mmoja akiumwa "baba" yake wa miaka 22 ndio anakwenda hospitali. Hiyo nayo imeelezwa kwenye kumbukumbu zao. Hawakuandika vifo peke yake, wameandika na watu walivyoishi baadae.

Mwana_wa_Kaya:

Nami nitie neno. Sisi Wagiriama hatukufundishwa kukumbuka na mtu. Mzee wa Gohu, kile chama cha wazee, akifa anachongewa kigango, gogo la mti mgumu, kichwa duara, linasimamishwa. Mtu wa kawaida anawekewa koma, kijiti tu lakini chake, na akitajwa anatajwa kwa jina anatiliwa tembo. Asipowekewa anakuja ndotoni kulalamika. Wezi wakaja wakaviiba wakawauzia Wazungu, makumbusho ya Denver kule Marekani wamerudisha vigango 30 na vingine bado viko huko vimesimamishwa kama mapambo.

Ninachotaka kusema, ile ardhi ya Shakahola ni ya upande wetu, watu wamefia kwenye udongo wetu. Ingekuwa mimi ningesema kila mtu awe na kijiti chake, 400 na zaidi, kila kimoja na jina, na ambao hawajajulikana kijiti kisimame bila jina mpaka jina lije. Sijui wazee watasemaje manake hao wengi si wa kaya zetu.

Ustadh_Barani:

Ndugu Mwana wa Kaya nakuheshimu ila ukisimamisha magogo hayo Waislamu waliofiwa hawatakubali na Wakristo wengi pia. Ingefaa jiwe la kawaida, jina, na mji alikotoka.

Kisumu_Ndogo:

Mimi kijiti au jiwe sawa tu. Jina liwepo. Na sisi kwetu mtu huzikwa nyumbani kwao, kwahivo pale Shakahola pasiwe makaburi, pawe majina.

Na kile mlichosema cha watoto wa Kigali. Nimekifikiria tangu mchana. Yule mkubwa alikuwa na miaka 11. Alikuwa haongei sana. Alikuwa anapenda omena lakini ile iliyokaushwa kabisa, mpaka inavunjika mdomoni, ukimpikia na mchuzi hali. Alikuwa anajua namba za matatu zote za kwenda Mombasa, akiskia honi tu anakwambia ni gari gani. Mdogo alikuwa na miaka 5, huyo alikuwa analilia baiskeli ya jirani kila siku. Wa kati, tuliyemzika, alikuwa na sauti, kanisani alikuwa anaimba.

Andika hivyo.

MtembezaWageni_Mld:

Nimeandika mzee wangu. Nimeandika kwenye daftari kwa mkono, na ntakuja nikusomee uone kama ni sawa.

Wenzangu, ndio hiki nilikuwa nazungumzia tangu mwanzo na mzee amekifanya kabla sijamaliza maelezo.

Msemakweli_Mtangani:

Mzee pole sana. Mimi yale ya "walifunga wenyewe" nisingeyasema kama ningejua uko hapa, na sitayasema tena hata usipokuwepo.

Sasa MtembezaWageni tuambie tunaanzaje, manake uzi kama huu ukilala wiki umezama.

MtembezaWageni_Mld:

Nawaambia nilivyoona kwa wenzetu. Wana hifadhi ya kumbukumbu tangu Desemba 2010, sauti na vidio za manusura, za waliookoa watu, hata za walioua watu wakakiri, pamoja na karatasi za mahakama za Gacaca. Hizo Gacaca zilikaa vijijini mpaka 2012, kesi karibu milioni mbili, watu wamekaa kwenye nyasi wanaulizana ulimuua nani na ulimtupa wapi. Zilikuwa na kasoro nyingi, hakukuwa na mawakili, ila miili mingi ilipatikana kwa sababu mtu alisema mbele ya majirani. Tangu 2023 Gisozi, Nyamata, Murambi na Bisesero zimeingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, orodha ileile iliyo na mji wa Lamu tangu 2001 na magofu yetu ya Gede tangu 2024. Lakini msingi wa yote ni mtu amekaa na mtu anamskiliza.

Na kuchelewa kuna hasara. Kabuga, tajiri anayesemekana aligharimia ile redio, alitafutwa zaidi ya miaka 20, na kwa miaka mingi alidaiwa kujificha hapahapa Kenya, akaja kukamatwa karibu na Paris Mei 2020, na 2023 kesi ikasimamishwa manake akili imeshachoka kwa uzee. Manusura waliokuwa wakisubiri kumskia wakafa au wakabaki hivohivo. Wa kwetu nao hawatatusubiri.

Bint_Shela:

Mimi niko tayari upande wa Amu, nina jamaa Mpeketoni twafahamiana na watu waliofiwa, na nadhani kwa mwanamke ni rahisi kuingia ndani kukaa na wanawake. Lakini nifanyeje, nirekodi kwa simu? Naogopa kumuumiza mtu mara ya pili.

MtembezaWageni_Mld:

Dada kwanza omba ruhusa na akikataa muage vizuri, usirudi kumsumbua. Usianze na siku ya kifo. Kule walituambia anza na maisha, alizaliwa wapi, alipenda nini, alikuwa anagombana na nani, na huko kwingine mwenyewe atafika akitaka. Usiende peke yako, usiende na kamera kubwa. Nakala ya kwanza ya rekodi ni ya familia. Na tafadhali, majina ya watoto na picha zao zisiwekwe hapa wala kwenye magrupu, haya mambo ni ya kuhifadhi mpaka wenyewe waseme yatoke. Mtu akizidiwa muache apumzike, mwende na mtu anayejua ushauri nasaha, hapa Malindi wapo waliofanya kazi hiyo 2023 na wengine nawajua.

Ustadh nakuomba utuulizie kwa maimamu wa hapa, na kama kuna mchungaji anasoma huu uzi ajitokeze, manake makanisa mengi madogo yanaona haya kulizungumza hili na waumini wao wamefiwa. Mwana wa Kaya tuulizie wazee, hata wakikataa vijiti watuambie kwanini.

Ustadh_Barani:

Inshallah. Ijumaa nitalisema baada ya swala, si kwenye hotuba, nje barazani.

Mwana_wa_Kaya:

Wazee nitawaona, ila huwa hawaendi mbio.

Kisumu_Ndogo:

Mimi nina orodha ya familia nyingine ambazo tulikuwa tunakaa nao foleni pale mochari 2023, tulibadilishana namba. Wengine wako Busia, Siaya, mmoja Nakuru. Nitawapigia niwaulize kama wanataka. Siwezi kukutumia namba zao kabla hawajakubali.

MtembezaWageni_Mld:

Sawa kabisa mzee, wakubali kwanza. Nakutumia namba yangu inbox sasa hivi. Kesho niko Gede na wageni mpaka saa nane, baada ya hapo nakuja kwako na daftari.